Hekalu Hutaka Miguu, Kanisa Hutaka Shingo

Ziara nyingi za siku moja za sanaa ya kale na ya Kibizanti mjini Athens zimefyatuliwa kwenye kalibu moja. Saa mbili asubuhi kundi liko langoni mwa Akropoli, jua likiwa bado na huruma. Saa nne linateremka kuingia jumba la makumbusho lililo chini ya kilima. Adhuhuri linavuka Agora, soko na uwanja wa siasa wa mji wa kale. Baada ya chakula, miguu ikiwa imekwisha kulegea, ndipo linapopitishwa kwenye makanisa madogo ya katikati ya mji, na siku ikiruhusu linapakiwa garini hadi monasteri ya Daphni, kilomita kama 11 upande wa magharibi. Mambo ya kale hupewa asubuhi, macho yakiwa mapya. Bizanti hupewa alasiri, pamoja na usingizi.

Ratiba hiyo inafundisha hata kabla mwongozaji hajafungua kinywa. Inasema palikuwa na Ugiriki iliyojenga kwa marumaru, ikafa. Kisha wakaja Wakristo na matofali yao na mishumaa yao, wakajenga vidogo. Nataka kulipima somo hilo kwa majengo yenyewe, moja baada ya jingine. Mila hizi mbili zinatofautiana kweli, na tofauti yao kubwa iko mahali ambapo kila moja inamweka mtu: nje au ndani, akizunguka au akisimama. Ila hazikupokezana kama walinzi wa zamu. Zimekaa nyumba moja na kula sahani moja kwa karne nyingi, na waliozitenga ni watu wa juzi tu.

Kwanza jina. Dola tunayoiita Bizanti haikujiita hivyo hata siku moja. Raia wake walijiita Warumi, kwa kuwa dola yao ilikuwa ni Roma iliyohamia Constantinople, mji uliozinduliwa na mfalme Konstantino mwaka 330 na ukatekwa na Waturuki wa Osmani mwaka 1453. Jina la Bizanti lilienezwa na wasomi wa Ulaya kuanzia karne ya 16, marehemu akiwa amekwisha kuzikwa. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana yuko karibu zaidi na jina ambalo wenyewe walilitumia. Hao ndio Warumi wa Surat Rum, sura ya 30 ya Kurani. Hao ndio watu wa Herekali, yaani mfalme Heraclius aliyetawala kati ya 610 na 641, ambaye ndiye mfalme wa upande wa pili wa vita katika Utendi wa Tambuka uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728. Utenzi huo, ambao huitwa pia Chuo cha Herekali, ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili yaliyohifadhiwa. Fasihi yetu andishi, basi, ina Bizanti tangu barazani. Hawa si wageni kwetu kama ratiba ya mtalii inavyodhani.

Tupande kilimani. Mawe ya njia yamesuguliwa na viatu hadi yanateleza kama sabuni. Parthenon ilianza kujengwa mwaka 447 KK kwa marumaru ya Mlima Penteli. Wasanifu walikuwa Iktinos na Kallikrates, na Pheidias akasimamia uchongaji. Sanamu ya Athena iliwekwa wakfu mwaka 438 KK na michongo ya nje ikakamilika mwaka 432 KK. Nguzo za nje ni 46, kila moja ikizidi mita 10 kwa urefu. Hizo ndizo takwimu anazozitaja kila mwongozaji. Mwujiza wenyewe uko kwenye kitu ambacho jicho halikioni mpaka liambiwe. Chuchumaa pembeni mwa jengo, jicho lako liwe usawa wa ngazi ya juu kabisa, kisha tazama mpaka mwisho wake. Ngazi hiyo haijanyooka. Kwenye ubavu wa urefu wa karibu mita 70 imepanda katikati kwa sentimita zipatazo 11, na kwenye sehemu ya mbele yenye upana wa mita 31 hivi imepanda kama sentimita 6. Nguzo nazo zimeinamia ndani kidogo, na kila moja imevimba kidogo tumboni, kama shingo ya mchukuzi aliyejitwika gunia. Hakuna mstari mrefu uliolala sawasawa, na ndiyo maana kila jiwe lilibidi lichongwe kwa ajili ya mahali pake na si pengine.

Hata vyuma vilivyoshikanisha mawe vilifikiriwa. Waashi wa kale walivimwagia risasi iliyoyeyushwa ili visipate hewa wala maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos alisimamisha tena nguzo zilizoanguka kwa kutumia vyuma visivyo na kinga hiyo. Vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru kwa ndani. Kamati ya ukarabati iliyoundwa mwaka 1975 imekuwa ikivitoa kimoja kimoja na kuweka titani badala yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa; na aliyeviunda mwanzo alijua jambo ambalo mrekebishaji wa miaka 2,300 baadaye hakulijali.

Ustadi wote huo ulikuwa kwa ajili ya mtu aliyesimama nje. Hilo ndilo la kushika. Hekalu la Kigiriki halikuwa ukumbi wa waumini. Chumba cha ndani kilikuwa cha sanamu: Athena wa dhahabu na pembe za ndovu, mwenye kimo cha mita kama 12. Ibada ya watu ilifanyika hewani, mbele ya madhabahu ya wazi. Lugha yetu inatusaidia kuliko nyingi. Neno madhabahu limetokana na neno la Kiarabu la kuchinja, ndugu yake dhabihu. Kanisani tumelizoea hadi tumesahau damu iliyomo. Pale Akropoli neno hilo lilikuwa na maana yake kamili: ng'ombe walichinjwa, moshi ukapanda, nyama ikagawiwa kwa watu, na jengo la marumaru likawa nyuma yao kama shahidi.

Chini ya dari ya ukumbi wa nguzo, juu kabisa ya ukuta wa chumba cha ndani, ulizungushwa ukanda wa michongo wenye urefu wa mita 160. Unaonyesha maandamano: vijana juu ya farasi, wapiga zumari, wazee, wasichana wabeba vyombo, ng'ombe wa kuchinjwa, na mwishoni vazi linalokunjwa mbele ya miungu walioketi. Wataalamu wengi wanaamini ni sherehe ya Panathenaia ya watu wa Athens wenyewe. Huwezi kuuona ukanda huo ukisimama mahali pamoja. Lazima utembee nao, nguzo zikikukatiza kila hatua, farasi akitokea na kupotea, mpaka ufike mashariki pamoja na waandamanaji. Aliyeuchonga alijua kwamba mtazamaji ana miguu. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2009, kazi ya msanifu Bernard Tschumi, limelielewa jambo hilo: ghorofa ya juu imegeuzwa ikae sambamba na hekalu linaloonekana dirishani, na mgeni anauzunguka ukanda kama walivyouzunguka wa kale. Sehemu kubwa ya anachokizunguka ni plasta, kwa kuwa karibu nusu ya ukanda iko London tangu Lord Elgin alipoichukua, mwanzoni mwa karne ya 19.

Kwenye ghorofa hiyo hiyo tafuta jiwe moja la mraba ambalo vikundi vingi hulipita mbio. Juu ya nguzo za Parthenon palikuwa na vibao 92 vya michongo ya vita na miungu. Wakristo walipolichukua jengo, waliviharibu kwa tindo vile vya mashariki, magharibi na kaskazini, wakifuta nyuso za miungu waliowaona kuwa mashetani. Kibao cha mwisho cha upande wa kaskazini, cha 32, kilisalia. Kina wanawake wawili: mmoja ameketi, mwingine anamjia akiwa amesimama, nguo yake ikiteremka kwa mikunjo mizito. Yawezekana ni miungu wa kike wawili wanaozungumza. Wataalamu kadhaa wamependekeza kwamba mwenye tindo alipofika hapo aliona kitu kingine: malaika Jibrili akimletea Bikira Mariamu habari. Akashusha mkono. Kama wamekisia sawa, basi ukurasa mmoja wa sanaa ya kipagani ulinusurika kwa kusomwa vibaya, au pengine kwa kusomwa vizuri mno, maana yule mchongaji wa Kikristo wa baadaye aliyetaka kumchonga malaika alikuwa na mikunjo hiyo hiyo ya nguo ya kuigiza.

Hapa ndipo ratiba ya asubuhi inapoanza kutoboka. Parthenon iligeuzwa kanisa la Mama wa Mungu katika karne ya 5 au ya 6, ikabaki kanisa mpaka Waosmani walipoiteka Athens katika karne ya 15, ikawa msikiti. Piga hesabu: miaka ya ukanisa inakaribia miaka ya uhekalu. Mwaka 1018 mfalme Basil wa Pili, baada ya kuwashinda Wabulgaria, alifunga safari hadi Athens kumshukuru Mariamu ndani ya jengo hili. Nguzo zake zimechorwa maandishi ya Kikristo zaidi ya 200: majina ya maaskofu, tarehe za vifo, dua za watu wa kawaida. Mwanahistoria Anthony Kaldellis, katika kitabu chake cha mwaka 2009, anadai kwamba Parthenon ilivuta mahujaji wengi na heshima kubwa zaidi ikiwa kanisa kuliko ilivyokuwa hekalu. Unaweza kumbishia. Huwezi kuyapa maisha hayo yote sentensi moja kati ya chupa mbili za maji, kama yanavyopewa.

Na tazama walivyoligeuza. Mlango wa hekalu ulikuwa mashariki, ili Athena aliyekaa mwisho wa chumba alione jua likichomoza. Mkristo husali akielekea mashariki. Kwa hiyo Wakristo walijenga chumba cha nusu duara cha madhabahu pale pale ulipokuwa mlango, wakaingilia upande wa magharibi. Jengo ni lile lile, uso umegeuka. Madhabahu iliyokuwa nje hewani ikaingia ndani. Umati uliokuwa nje ukaingia nayo. Damu ikawa divai. Hakuna kitabu kinachoeleza tofauti ya mila hizi mbili kwa ufupi kuliko mlango huo uliohamishwa.

Leo huoni hata alama ya chumba hicho cha madhabahu. Kombora la Waveneti lililolipua baruti iliyohifadhiwa ndani ya Parthenon tarehe 26 Septemba 1687 lilibomoa mengi, lakini halikuchagua. Waliochagua walikuja baadaye. Athens ilipofanywa mji mkuu wa Ugiriki mpya mwaka 1834, chini ya mfalme Otto kutoka Bavaria, Akropoli ilianza kuvuliwa kila kisichokuwa cha karne ya 5 KK. Msikiti mdogo uliojengwa ndani ya magofu uliondolewa, mabaki ya kanisa yakaondolewa, na mwaka 1875 mnara mrefu wa zama za kati uliokuwa kwenye lango ukavunjwa. Parthenon tupu, nyeupe, ya upweke, tunayoipiga picha, ni kazi ya karne ya 19 iliyotengenezwa kwa kupunguza. Hata ule weupe si wake: jengo lilipakwa rangi, na chembe za buluu na nyekundu zimepatikana kwenye mawe. Anayesema kwamba watu wa kale walipenda umbo na Wabizanti wakapenda rangi amelinganisha mtu aliyevaa na mtu aliyevuliwa nguo.

Ukishuka, mwamba wa Areopago uko kando ya njia. Wasomaji wa Matendo ya Mitume, sura ya 17, wanajua nani aliyesimama hapo kubishana na wanafalsafa. Mbele yake ni Agora, na juu ya kilima kidogo cha magharibi ni hekalu la Hephaistos, mungu wa wahunzi. Wageni hushangaa: mbona hili la hapa lina paa na kuta, na lile kubwa la juu limebaki mbavu? Jibu ni kanisa. Hekalu hili lilikuwa kanisa la Mtakatifu George kuanzia zama za Bizanti hadi karne ya 19. Jengo linalotumika huzibwa likivuja. Asante ya kuwa na hekalu la kale lililohifadhika vizuri kuliko karibu yote Ugiriki inaenda kwa mapadri na wafagiaji wa mila ile tunayoambiwa ilikuja kuziba nafasi.

Upande wa pili wa Agora liko kanisa la Mitume Watakatifu, la takriban mwaka 1000. Wanaakiolojia wa Kimarekani walipoanza kuchimba mwaka 1931, mtaa mzima wa makazi uliokuwa juu ya Agora ulibomolewa nyumba kwa nyumba. Kanisa hili likaachwa. Likaribie, usilitazame kwa mbali. Majengo haya hayakujengwa kwa mbali. Kila jiwe la mraba limezungushiwa matofali membamba pande zote nne, kama picha ndani ya fremu. Kati ya safu za mawe kuna matofali yaliyokatwa yakapangwa kwa maumbo ya wima na pembe kali, na msomaji aliyepita chuoni atasita. Ni kama herufi. Ni Kikufi cha kuiga: mwandiko wa Kiarabu uliopendwa na mafundi wa Ugiriki kwa umbo lake, bila maana yoyote ya kusomeka. Ulifika huku kupitia hariri, vyombo na biashara ya ulimwengu wa Kiislamu. Mwandiko huo huo, unaosomeka barabara, umechongwa ndani ya msikiti wa Kizimkazi kusini mwa Unguja ukiwa na tarehe inayolingana na mwaka 1107. Athens ilikuwa mpokeaji wa mbali wa fasheni ile ile iliyopokewa pwani yetu, tofauti ni kwamba kwetu iliwasili na maana yake.

Kikufi hicho cha kuiga kipo pia Kapnikarea, kanisa la katikati ya karne ya 11 lililobaki katikati ya mtaa wa maduka wa Ermou kama jabali katikati ya mto. Wapimaji wa mji mpya walitaka kulibomoa wapate barabara iliyonyooka. Likaokolewa na Ludwig wa Kwanza wa Bavaria, baba yake Otto. Ingia. Ni dogo, lina giza, lina harufu ya nta. Nguzo nne zimebeba kuba, na kuta zimefunikwa watakatifu wenye macho makubwa. Mgeni hunong'ona akiamini anatazama kazi yenye umri wa karne tisa. La hasha. Michoro mingi humo ni ya Fotis Kontoglou na wanafunzi wake, kuanzia mwaka 1942, miaka ya vita na njaa. Kontoglou aliamua kwamba mtindo wa Bizanti haukufa, akauchukua kama fundi anavyochukua chombo cha babu yake ukutani, akaendelea na kazi. Hapa mila mbili zinaachana kabisa. Hakuna anayemchinjia Athena ng'ombe. Lakini Liturujia ya Yohane Krisostomo bado inaimbwa, na haiimbwi Athens tu. Katika parokia za Kiorthodoksi za Kenya na Tanzania, zilizo chini ya Upatriaki wa Aleksandria, inaimbwa kwa Kiswahili, mbele ya ikoni za sura zile zile. Tunapoita moja "ya kale" na nyingine "ya Kibizanti" kana kwamba zote mbili ni makumbusho, tunamhesabu aliye hai pamoja na wafu.

Hapa lazima nimtetee mgeni anayenung'unika kwamba makanisa haya ni madogo. Ana haki, lakini amepewa mizani mbovu. Katika karne ya 5 KK Athens ilikuwa kitovu cha himaya ya bahari. Katika karne ya 11 ilikuwa mji wa mkoani. Kulinganisha Parthenon na Kapnikarea ni kulinganisha ikulu ya taifa moja na ofisi ya wilaya ya taifa jingine. Mshindani halali wa Parthenon yuko Istanbul: Hagia Sophia, iliyojengwa chini ya mfalme Justinian kwa chini ya miaka 6, kati ya 532 na 537, na Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, mabingwa wa hesabu na jiometri ya Kigiriki. Kuba lake lina kipenyo cha mita kama 31. Huo ndio takriban upana wa Parthenon nzima, ukiwa umeinuliwa hewani bila nguzo katikati. Jiometri ni ya mababu. Kazi iliyopewa ndiyo mpya, yaani kumfunika mtu badala ya kumsimamisha mbele.

Ukitaka kuona kazi hiyo imefanywa kwa kiwango cha juu bila kuvuka bahari, panda gari la Daphni. Monasteri hiyo ya karne ya 11 iko kando ya Njia Takatifu, iliyokuwa ikipitwa na waandamanaji wa kale waliokwenda Eleusis, na pale ilipojengwa palikuwa na patakatifu pa Apollo. Nguzo za hekalu la Apollo zilitumika tena hapa. Zilizosalia Elgin alizichukua, moja tu ikabaki. Ndani, simama katikati, inua uso. Kristo Mtawala wa Yote amejaa kubani kutoka kifuani kwenda juu, nyusi zimekaza, jicho halikuachi. Vidole vya mkono wa kushoto, virefu na vikavu, vimekishika kitabu kilichofungwa kama mtu aliyeshika daftari la madeni. Chini yake madirisha 16, na kati ya madirisha manabii 16. Chini tena, kwenye pembe zinazobeba kuba, matukio ya Injili. Chini kabisa kuta za watakatifu, halafu sakafu, halafu wewe.

Vijiwe vya mozaiki, vya kioo chenye dhahabu, havikulazwa sawa. Jua au mshumaa ukisogea, ukuta mzima unameta na kutulia, kama maji ya kina kifupi. Waashi wa Parthenon walikunja mistari ili jicho la mtu anayetembea lipate raha. Mafundi wa Daphni walipindisha vijiwe ili mtu aliyesimama aone mwanga unaotembea. Akili ni ile ile ya kutojali kanuni ya rula pale jicho linapotaka vingine. Ila mmoja amepanga ulimwengu kwa ulalo, watu wakiandamana kuelekea kwa miungu walioketi kiwango kimoja nao. Mwingine ameupanga kwa wima, ngazi kwa ngazi, na wewe uko chini kabisa. Hekalu hutaka miguu. Kanisa hutaka shingo. Na bado, mtazame Yohane kwenye mozaiki ya Kusulubiwa: uzito mguu mmoja, goti la pili limelegea, vazi likianguka kwa mikunjo ya sanamu za kale. Fundi huyu hakuwa amesahau kitu.

Jengo moja nimeliruka kwa makusudi. Hatua chache kutoka Kapnikarea, kwenye kivuli cha kanisa kuu la Athens, kuna kanisa ambalo wenyeji huliita Mitropoli Ndogo. Lina urefu wa mita 12 hivi na upana usiofika 8. Kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa la mwishoni mwa karne ya 12. Msomi Bente Kiilerich amependekeza karne ya 15. Hata liwe la lini, kuta zake ni kitu kisicho na mfano: karibu zote ni marumaru iliyookotwa kwenye majengo ya zamani, na michongo ipatayo 90 imepachikwa humo, ya Kigiriki, ya Kirumi na ya Kibizanti. Mawe ya makaburi yamekaa jirani na misalaba, na simba wanatazamana juu ya mashada ya maua. Juu ya mlango mkuu umewekwa ukanda wa kalenda ya kale ya Athens: miezi, alama za buruji, sherehe za miungu, na ile meli ya Panathenaia, sherehe ile ile ya ukanda wa Parthenon. Kati ya picha hizo imechongwa misalaba.

Mwashi angeweza kuugeuza ukanda huo, uso ukaingia ukutani, na mgongo laini ukatazama nje. Marumaru ni marumaru. Angeweza kuuchoma ukawa chokaa, kama zilivyochomwa sanamu nyingi za kale. Badala yake aliuinua hadi mahali pa heshima kuliko pote, juu ya vichwa vya kila anayeingia, akauongezea alama ya imani yake bila kufuta iliyokuwapo. Huyo ndiye mhakiki linganishi wa kwanza wa mji huu. Aliweka kazi ya mila mbili kwenye ukuta mmoja, akasema zote ni zetu na mwaka ni mmoja. Kanisa kuu lililo kando yake, lililojengwa kati ya 1842 na 1862, husimuliwa kwamba lilimeza mawe ya makanisa 72 ya zamani yaliyobomolewa. Ukilitazama nje huoni hata moja likisema lilitoka wapi. Mafundi wote wawili walitumia mawe ya marehemu, lakini mmoja tu ndiye aliyeyaacha yaendelee kuzungumza.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya ziara ni hii: vituo vyake ni sahihi, mpangilio wake ni mbovu. Ukiwa na siku moja Athens, igeuze kama Wakristo walivyougeuza mlango wa Parthenon. Saa mbili asubuhi, macho yakiwa mapya, nenda Mitropoli Ndogo, simama mlangoni, usome ule ukanda mpaka shingo ichoke. Nenda Kapnikarea, vuka Agora. Akropoli iachie alasiri. Jua likishuka, nguzo zitakuwa nzuri zaidi kuliko asubuhi, na wewe utakapofika upande wa mashariki utajua kwamba hapo ulipo palikuwa mlango, kisha pakawa madhabahu, kisha mtu akapafagia.